Maji Yapitayo Juu: Kusi, Mvuke wa Bahari ya Hindi na Historia ya Elimu ya Mvua katika Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia namna wanadamu walivyofikia kuelewa kwamba upepo uendeshao majahazi ndio huohuo uchukuao maji ya bahari na kuyapeleka nchi kavu. Mfano unaochunguzwa ni upepo wa kusi katika magharibi ya Bahari ya Hindi. Hoja ni kwamba wenyeji wa mwambao waliziweka elimu ya upepo na elimu ya mvua katika kalenda moja, ilhali sayansi ya kisasa ilizitenganisha, na ilipozikutanisha tena ilifanya hivyo kwanza kwa ajili ya mvua ya Bara Hindi. Swali la kwa nini nchi iliyo ukingoni mwa bahari hiyo hukaa kame lilichelewa kuulizwa kwa uzito.

Utangulizi

Mwezi Julai, wakati ardhi ya Garissa imekauka na wafugaji wanasogeza mifugo kuelekea Mto Tana, juu ya mji huo, kiasi cha kilomita moja na nusu angani, hupita mojawapo ya mikondo mikubwa ya hewa yenye unyevu duniani. Hewa hiyo imetoka kusini mwa Bahari ya Hindi, imepita ncha ya kaskazini ya Madagaska, imeingia mwambao wa Afrika na kuvuka ikweta juu ya nyika ya Kenya. Kutoka hapo huelekea Somalia, huiacha nchi kavu karibu na Pembe ya Afrika, hukata Bahari ya Arabu, na hatimaye hupanda milima ya Ghats ya magharibi mwa India, ambako Mahabaleshwar hupata zaidi ya milimita 5,000 za mvua kwa mwaka. Garissa hupata takriban milimita 350, na karibu zote hunyesha katika miezi ambayo mkondo huo umelegea.

Jambo hili si kitendawili kwa mtaalamu wa hali ya hewa wa leo. Kwa mwanahistoria, hata hivyo, lina uzito wa namna nyingine. Upepo wa kusi umeandikwa sana katika historia ya Uswahilini kama upepo wa biashara: majahazi, pembe, nguo, tende, watumwa na dini. Upepo huohuo kama mchukuzi wa maji haukupata nafasi hiyo. Wanahistoria wameuhesabu ulichobeba juu ya bahari, wakaacha ulichobeba ndani yake.

Kalenda ya pepo na ya mvua

Lugha yenyewe ni ushahidi wa kwanza. Wanamwambao waliugawa mwaka kwa pepo mbili kuu, kaskazi na kusi, na kati yake wakaweka vipindi vya mpito vyenye majina yake: maleleji, wakati upepo unapogeuka na hauna uhakika, tanga mbili, wakati chombo kinaweza kusafiri kuelekea pande zote mbili, demani, wakati kusi inapopungua nguvu. Juu ya majina hayo ya baharia yakalala majina ya mkulima: masika, kipupwe, vuli, kiangazi. Hayakuwa magawanyo mawili yasiyojuana. Masika huanza kaskazi ikifa na kusi ikizaliwa; vuli huja kusi ikiondoka. Aliyelijua jina la upepo alijua pia kama ni wakati wa kupanda au wa kungoja.

Hesabu ya siku nayo ilifuata mantiki hiyo. Kalenda ya Hijria, ifuatayo mwezi, hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka wa jua, kwa hiyo haimfai mkulima wala nahodha. Ndiyo sababu mwambao ukatumia pia mwaka wa Nairuzi, wenye siku 365 zilizogawanywa katika miongo, yaani makundi ya siku kumi kumi. Mwongo fulani ulikuwa wa kutia mbegu, mwongo mwingine wa kufunga safari. Jina la Nairuzi lina asili ya Kiajemi, na Mwaka Kogwa wa Makunduchi, uadhimishwao Julai, ni mabaki ya hesabu hiyo. Kalenda hii isiyo na siku ya nyongeza huteleza polepole, lakini kwa maisha ya mtu mmoja kosa lake halifiki siku ishirini.

Hapa inafaa kusema neno juu ya istilahi. Vitabu vya shule hutumia mara kwa mara "pepo za monsuni". Neno hilo la Kiingereza lilipitia Kireno, nacho Kireno kililichukua kutoka Kiarabu, mawsim, ambalo ndilo asili ya "msimu" wa Kiswahili. Neno limeondoka Bahari ya Hindi, limezunguka Ulaya, na limerudi likiwa na vazi la kigeni ilhali ndugu yake hakuwahi kuondoka nyumbani. Makala haya yanatumia pepo za msimu.

Kwamba maarifa hayo yalikuwa ya kutegemewa huonekana vizuri zaidi pale yalipopuuzwa. Vasco da Gama aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498 akiwa na rubani aliyepatiwa hapo, kusi ikiwa ndiyo kwanza inashika, akatia nanga karibu na Calicut tarehe 20 Mei. (Hadithi ipendwayo kwamba rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid haikubaliwi tena na wanahistoria wengi.) Wakati wa kurudi hakuungoja msimu. Aliondoka kisiwa cha Anjediva tarehe 5 Oktoba, kaskazi haijatulia, na hakuiona pwani ya Afrika hadi mwanzoni mwa Januari 1499. Safari iliyochukua siku zisizofika thelathini ikachukua takriban miezi mitatu, na mabaharia wengi wakafa kwa kiseyeye. Wiki chache tu baada ya merikebu zake kufika India mwezi Mei, upepo uleule uliozisukuma ungeanza kumwaga mvua Kerala, ambako masika ya kule hufika kwa kawaida karibu na tarehe 1 Juni.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba mwambao ulikuwa na nadharia ya mvuke. Ulikuwa na elimu ya ufuatano, yaani hiki kikija, kile hufuata. Methali isemayo dalili ya mvua ni mawingu inamtosha mkulima, lakini mawingu ni sehemu ya mwisho ya safari. Sehemu kubwa ya maji yasafiriyo angani haionekani kwa jicho.

Halley na kioo kilicholowa

Aliyeyaona maji hayo kwa namna ya kuyapima ni Edmond Halley, mnajimu wa Kiingereza ajulikanaye zaidi kwa nyota yenye mkia. Mwaka 1677 alikuwa kisiwani Saint Helena, katikati ya Atlantiki ya kusini, akichora ramani ya nyota. Kituo chake kilikuwa mlimani, na usiku, hata mbingu ikiwa safi, vioo vya darubini vililowa upesi hata akalazimika kuvipangusa kila baada ya dakika chache. Hapakuwa na mvua wala wingu. Maji yalitoka katika hewa yenyewe, iliyosukumwa na upepo wa bahari ikapanda mlima na kupoa.

Miaka michache baadaye, mwaka 1686, Halley alichapisha maelezo ya pepo za kitropiki pamoja na ramani iliyoonyesha pia kugeuka kwa pepo katika Bahari ya Hindi. Alidai kwamba jua hupasha moto nchi kavu kuliko bahari, hewa ya nchi kavu hupanda, na hewa ya bahari huja kujaza nafasi yake. Mwaka uliofuata alipima kiasi cha maji kipoteacho katika chombo cha maji ya chumvi, kisha akakadiria kwamba Bahari ya Mediterania hutoa mvuke wa zaidi ya tani milioni 5,000 kwa siku moja ya kiangazi. Swali lililofuata lilikuwa la lazima: maji hayo huenda wapi? Jibu lake lilikuwa kwamba pepo huyachukua hadi milimani, yakawa mvua na chemchemi, na mito ikayarudisha baharini. Kabla yake, mwaka 1674, Mfaransa Pierre Perrault alikuwa ameonyesha kwa vipimo vya bonde la juu la Seine kwamba mvua pekee inatosha, tena kwa ziada kubwa, kuulisha mto. Halley ndiye aliyeunganisha bahari, upepo na mlima katika duara moja.

Mwaka 1735 George Hadley aliongeza mzunguko wa dunia, ambao hupinda njia ya upepo. Zilizobaki zilikuwa hesabu za joto. Leo inajulikana kwamba kwa kila nyuzi moja ya sentigredi hewa inapopata joto, uwezo wake wa kushika mvuke huongezeka kwa takriban asilimia 7. Kwamba kilo moja ya maji ikigeuka mvuke huficha ndani yake nishati ya jouli milioni 2.5 hivi, ambayo huachiliwa tena mvuke unapokuwa matone. Na kwamba tone la mvuke hukaa angani kwa wastani wa siku nane hadi kumi tu. Takwimu hii ya mwisho ina maana kubwa kuliko inavyoonekana. Maji yote yaliyomo angani, yakishushwa kwa mara moja, yangefunika dunia kwa kina cha milimita 25 hivi. Mvua ya msimu mzima haiwezi kutoka katika akiba hiyo. Lazima upepo ulete mzigo mpya kila siku, na ukisita, mvua husita.

Zanzibar katika hesabu za Bara Hindi

Kusita huko ndiko kulikoifanya elimu hii kuwa jambo la serikali. Mvua ya kusi iliikosa sehemu kubwa ya India mwaka 1877, na njaa ya 1876 hadi 1878 iliua mamilioni ya watu, huku siasa za utawala wa Kiingereza juu ya nafaka na bei zikiongeza maafa. Idara ya hali ya hewa ya India, iliyoundwa 1875, ikapewa jukumu la kutabiri. Henry Blanford alitazama theluji ya Himalaya. Gilbert Walker, mwanahisabati aliyeiongoza idara hiyo kuanzia 1904 hadi 1924, alikwenda mbali zaidi: alikusanya vipimo vya kanieneo, joto na mvua kutoka pande zote za dunia, akatafuta ni vipi vinavyokwenda pamoja na mvua ya India. Katika kazi hiyo aligundua mbadilishano mkubwa wa kanieneo kati ya bahari za Hindi na Pasifiki, ambao baadaye ulihusishwa na El Niño.

Miongoni mwa vipimo alivyovitumia katika kanuni zake za utabiri ilikuwamo mvua ya Zanzibar kabla ya msimu. Mvua nyingi Zanzibar mwezi Aprili na Mei ilihesabiwa kuwa dalili mbaya kwa India. Hoja haikuwa ya kipuuzi: hewa inayopanda na kumwaga mvua karibu na ikweta ni hewa ambayo haijaanza safari ya kaskazini. Lakini inafaa kutua hapa. Masika ya Unguja, yaliyokuwa chakula cha wakulima wake, yaliingia katika sayansi ya dunia kama namba ya kumwonya mtawala wa Calcutta na Simla. Hakukuwa na kanuni ya namna hiyo iliyotungwa wakati huo kumwambia mkulima wa Makunduchi, au mfugaji wa Wajir, mvua yake itakuwaje. Njaa iliyoikumba nchi ya Kenya mwaka 1898 hadi 1900 haikuzaa idara ya utabiri.

Idara ya pamoja ya hali ya hewa ya makoloni ya Uingereza katika Afrika Mashariki iliundwa 1929, makao yake yakiwa Nairobi, chini ya Albert Walter aliyetoka katika kituo cha uangalizi cha Mauritius. Ilikuza mtandao wa vituo, na baada ya uhuru ikaendelea kuwa chombo cha nchi zote tatu hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977. Pepo hazikugawanyika, daftari ziligawanyika.

Maputo ya alfajiri

Mkondo wenyewe ulifichuliwa katika miaka ya 1960. John Findlater, mtaalamu wa hali ya hewa Mwingereza, alichunguza vipimo vya maputo yaliyorushwa kutoka vituo vya Kenya na kufuatwa kwa macho ili kujua kasi ya upepo wa juu. Alikuta kwamba mashariki mwa nyanda za juu, wakati wa kusi, kuna ukanda mwembamba wa hewa yenye kasi isiyo ya kawaida, ambayo alfajiri mara nyingine ilizidi kilomita 90 kwa saa. Makala yake ya 1966 yalihusu Kenya. Yale ya 1969 yaliufuata mkondo huo kuanzia bahari ya kusini hadi India, yakaonyesha kwamba sehemu kubwa ya hewa ya chini ivukayo ikweta kutoka kizio cha kusini mwezi Julai hupita katika mlango huo mmoja. Hadi leo mkondo huo huitwa kwa jina lake.

Sababu ya kupita hapo ni milima. Nyanda za juu za Kenya na Ethiopia zimesimama kama ukuta, na hewa itokayo mashariki, isipoweza kuupanda wote, huegemea na kukimbia sambamba nao, kama maji ya mfereji. Bila ukuta huo pepo zingetawanyika ndani ya bara. Kwa maneno mengine, umbo la nchi ya Afrika Mashariki ni sehemu ya mtambo uletao mvua ya India.

Ubishi mmoja ulibaki: mvuke ushukao India umetoka kusini mwa ikweta, au umenyonywa njiani kutoka Bahari ya Arabu? Mwaka 1965 P. R. Pisharoty, kwa kutumia vipimo vya msafara wa kimataifa wa Bahari ya Hindi, alitetea Bahari ya Arabu. Waliofuata, hasa baada ya vipimo vya ndege na maputo vya mwaka 1979, waliupa uzito mkubwa zaidi mvuke uvukao ikweta. Vyanzo vyote viwili vina sehemu yake, na ubishi juu ya uwiano haukuwa na haja ya kuwa mkali jinsi ulivyokuwa.

Kilichopata kurasa chache katika maandishi hayo ni nchi iliyo chini ya mkondo. Maelezo yake yapo wazi. Hewa ikisafiri sambamba na pwani haina mlima wa kuipandisha; inapoongeza mwendo hutanuka, na hewa ya juu hushuka kuijaza, nayo hewa ishukayo hukausha. Pwani ya Somalia kusi huyasukuma maji ya juu ya bahari mbali, maji baridi ya kina huibuka, na hewa iliyo juu yake hupoa na kutulia. Mvuke upo tele, lakini hakuna cha kuushusha. Pale mlima unapojitokeza, mambo hubadilika papo hapo: Usambara, vilima vya Taita na mlima wa Marsabit vina misitu kwa sababu vimesimama njiani.

Mlango wa Turkana

Hatua iliyoligeuzia uso swali hili kuelekea nyumbani ilitoka Kenya. Mwaka 1982 J. H. Kinuthia na G. C. Asnani walitangaza mkondo mwingine uliokuwa haujaandikwa, upitao katika bonde lililo kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya. Tofauti na ule wa Findlater, huu huvuma takriban mwaka mzima, kutoka kusini-mashariki kuelekea Ziwa Turkana na Sudan Kusini. Wakazi wa Loiyangalani hawakuhitaji kuambiwa kwamba kwao kuna upepo. Hata hivyo, kipimo ndicho kilichoonyesha kwamba upepo huo ni njia ya maji. Mvuke wa Bahari ya Hindi hupenya hapo kuingia ndani ya bara, na Lodwar, iliyo katika njia hiyo, hupata takriban milimita 200 tu kwa mwaka. Mkondo ukiwa na nguvu, mzigo hupita. Ukilegea, mvuke hubaki na mvua hupata nafasi. Kasi yake leo inazalisha umeme: shamba la mitambo ya upepo lenye uwezo wa megawati 310 lilizinduliwa huko mwaka 2019.

Upande wa pili wa jambo hilohilo ulikuwa umekwisha kuonekana mwaka 1961. Vuli ya mwaka huo ilifurika Afrika Mashariki nzima, na Ziwa Viktoria likapanda takriban mita mbili na nusu kufikia 1964, likameza gati na mashamba ya ufukweni. El Niño haikuwapo kuwa kisingizio. Maelezo ya kuridhisha yalichelewa hadi 1999, wachunguzi wa Japani na India walipoeleza hali ambamo upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi hupata joto kuliko kawaida na ule wa mashariki, karibu na Sumatra, hupoa. Pepo za ikweta, ambazo katika vuli ya kawaida huelekea mashariki, hugeuka na kuuleta mvuke Afrika. Mwaka 1961 ulikuwa wa namna hiyo, na vivyo hivyo 1997 na 2019, ambayo pia ilikuwa miaka ya mafuriko. Kwa hiyo ukame na gharika ya Afrika Mashariki havitokani na bahari kuwa na maji machache au mengi, bali na upepo kupita au kugeuka.

Katika mwaka 2021 watafiti walirudi kaskazini mwa Kenya wakiwa na maputo yenye vipimo vya unyevu, ili kuupima mkondo wa Turkana usiku na mchana katika miezi ya Machi na Aprili, jambo ambalo lilikuwa halijafanywa kwa miongo kadhaa. Masika hayo yalikuwa ya pili katika misimu mitano mfululizo, kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, ambayo mvua yake haikutosha kutoka Kenya hadi Somalia na kusini mwa Ethiopia.